Ndevu za Kasimiri

Kila Jumapili baada ya misa, mvua isiponyesha, Nyamizi alitandika mkeka uani kwenye kivuli cha ukuta, akaketi na kunyoosha miguu. Mumewe Kasimiri alikuja akalala chali, kichwa juu ya mapaja yake. Kisha Nyamizi alifungua pindo la kanga, akatoa kibano cha chuma na kuanza kumng'oa ndevu. Alizing'oa moja moja, kuanzia chini ya sikio la kulia mpaka kidevuni, akahamia upande wa pili, akamalizia kooni. Kazi hiyo ilikula mchana mzima.

Ndivyo walivyofanya wazee wa Unyamwezi. Baba yake Kasimiri, aliyebeba pembe za ndovu begani mpaka Bagamoyo na kurudi akiwa kijana, alikufa bila wembe kugusa kidevu chake. Lakini miaka tunayoisimulia hapa ilikuwa ya baada ya vita vya Hitla, na mjini Tabora walibaki wanaume wachache wa kung'olewa ndevu. Askari walirudi kutoka Burma na vikopo vya sabuni na nyembe zao. Vijana wa shule walikwenda kwa kinyozi. Kasimiri mwenyewe hakuwa mtu wa zamani kwa jambo lolote jingine. Alikuwa karani wa mizigo stesheni, akipokea madebe ya asali, mabonge ya nta na magunia ya karanga kupitia dirisha dogo. Alivaa suruali ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi, alikuwa na baiskeli, na alisoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho. Wenzake walipomtania kwamba ananyonyolewa kama kuku, alicheka nao, basi.

Angewaeleza nini? Siku nyingine za wiki Nyamizi alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alipika, alilima kishamba chao pembeni mwa mtaa wa Isevya, alijibu alipoulizwa. Lakini kibano kikiwa mkononi, macho yakiwa kwenye kazi, ulimi wake ulifunguka. Alisimulia ndoto zake. Alimweleza habari za dada yake Ng'washi wa kule Ziba na ng'ombe wake wakorofi. Alimwambia waziwazi kwamba Jumatano alimkasirikia, na kwa nini, na Kasimiri aliyelala pale hana pa kukimbilia alisikiliza mpaka mwisho. Hawakujaliwa mtoto. Kuna Jumapili walilia wote wawili mkekani kwa ajili hiyo, na kuna Jumapili walicheka mpaka kibano kikaanguka vumbini wakawa wanakitafuta. Maumivu yalikuwepo, ndiyo, lakini yalikuwa madogo, na Kasimiri aliyazoea kama mtu anavyozoea king'ora cha treni.

Mambo yalianza kiangazi kimoja, taratibu. Kibano kilifinya ngozi badala ya unywele.

"Umenifinya," alisema Kasimiri.

"Pole. Ndevu zako siku hizi zimekuwa laini, hazishikiki."

Ndevu zake hazikuwa laini. Zilikuwa ngumu vilevile. Jumapili iliyofuata alifinywa tena, na iliyofuata tena. Macho ya Nyamizi yalikuwa mekundu, yakitoa machozi, naye aliyafuta kwa ncha ya kanga akisema ni moshi wa kuni mbichi. Alipomaliza, Kasimiri alijipapasa akakuta vishungi vya ndevu vimeachwa huku na huku. Jumatatu mzee mmoja aliyeleta nta alimtazama dirishani, akamuuliza kwa upole kama anaumwa.

Kisha ikaja Jumapili ya damu. Nyamizi alikuwa akisimulia habari ya jirani aliyegombana na mwenye nyumba. Kibano kikabana ngozi laini ya kooni, kikavuta. Kasimiri aliuma meno. Alihisi damu ikitoka, ikateremka polepole kuelekea nyuma ya shingo. Alisubiri Nyamizi aseme kitu, astuke, atafute kitambaa. Nyamizi aliendelea na habari ya mwenye nyumba. Mkono wake ukapita kooni, ukagusa pale palipolowa.

"Unatoka jasho," alisema.

"Ndiyo," alijibu Kasimiri. "Joto la leo kali."

Alilala pale mpaka mwisho akitazama mawingu, na mkewe aliyekuwa ameinama juu yake hakuiona damu iliyokuwa mbele ya uso wake.

Angeweza kusema siku hiyo. Angeweza kumwambia, mke wangu, macho yako yanaumwa, twende zahanati. Lakini mama yake Nyamizi alikufa kipofu kule Ziba, akiongozwa kwa fimbo na wajukuu, uji ukimmwagikia kifuani. Katika miaka yote ya ndoa yao Nyamizi alilitaja jambo hilo mara moja tu, kisha akaamka akaenda kufagia uwanja ambao ulikuwa umekwisha fagiliwa. Kasimiri aliona kwamba akisema neno hilo atakuwa amefungua mlango ambao hataweza kuufunga. Kwa hiyo siku chache baadaye, wakiwa wanakula, alisema uongo.

"Kuna stesheni masta mpya. Anataka makarani wote wanyoe kwa wembe. Kila siku."

Nyamizi aliacha kumega ugali. "Kila siku?"

"Kila siku asubuhi."

"Basi," alisema Nyamizi. "Kazi ni kazi."

Jumapili iliyofuata mkeka haukutandikwa.

Kinyozi aliyemwendea aliitwa Mzee Mabruki, mtu wa mjini hasa, Mwislamu, mjukuu wa mnyapara wa misafara. Alikuwa na kibanda cha mabati karibu na soko, kiti kimoja cha mbao, na kioo kilichopasuka kwenye pembe. Kasimiri alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza haja yake: alitaka kujifunza kunyoa mwenyewe.

Mabruki alimtazama kidevu. "Unataka kuninyima mteja, na mimi mwenyewe ndiye nikufundishe?"

"Nisamehe, mzee. Siwezi kuja kila asubuhi kabla ya treni."

"Haya. Kaa." Mabruki alikuwa mtu aliyependa kazi yake kuliko chumo lake. "Lakini ukijikata usiseme ulifundishwa na Mabruki."

Alimfundisha kwa siku nyingi, mara baada ya kazi. Kwanza maji ya moto. Kitambaa kilowekwe, kikamuliwe, kifunike uso mpaka ngozi ilegee. Kisha brashi. Kasimiri alileta brashi mpya aliyoinunua kwa Mhindi, na Mabruki akaichukua, akainusa, akaipindua.

"Nywele za mnyama gani hizi?"

"Sijui, mzee. Labda nguruwe."

Mabruki aliiachia ikaanguka kama amegusa kaa la moto, akaenda kunawa mikono. Alirudi na brashi yake ya zamani ya nywele za mbuzi, mpini wake umesuguliwa na vidole mpaka unang'aa. "Tumia hii. Ile kapakie rangi milango."

Baada ya brashi ikaja sabuni: kuizungusha kikombeni bila haraka mpaka povu lisimame lenyewe kama maziwa yaliyochemka. Kisha wembe, ule wa kukunja, wenye bapa pana. Kuunoa juu ya kinoo, kuupitisha kwenye mkanda wa ngozi kwenda na kurudi. Kuushika kwa vidole vitatu. Kufuata nywele zinakolala, usizipinge. "Watu wetu nywele zetu zinajikunja," alisema Mabruki. "Ukizikata kinyume, zinarudi kuchimba ndani. Wembe usiusukume. Uache upite wenyewe."

Kasimiri hakuuacha upite wenyewe. Wiki za kwanza alikwenda kazini na vipande vya gazeti vimegandia kidevuni. Alinunua shabu ya kukaushia damu, akawa anaisugua kwenye majeraha huku machozi yakimlenga. Koo lilimtoka vipele vigumu kama punje za mtama, kola ya shati ikavitonesha kutwa nzima. Ikambidi aamke mapema kuwasha moto, na sabuni ile iliisha upesi kuliko alivyodhani. Lakini alikuwa amekwisha sema kwamba ni amri, na amri haiachwi kwa sababu ya vipele.

Kisha, hata hakujua ni lini, mkono ukakubali. Wembe ukaanza kutembea shavuni kwa mlio mdogo mkavu. Vipele vikanywea. Na Kasimiri akagundua jambo ambalo hakulitegemea: alikuwa anapenda. Alipenda dakika ile kabla ya kuamka kwa watu, jiko likifuka uani, mvuke ukipanda usoni. Alipenda harufu ya sabuni, uzito wa wembe, na jinsi povu lilivyoondoka mstari kwa mstari na kuacha uso mwingine chini yake, msafi, wa baridi. Alipojimwagia maji ya mwisho alihisi kama mtu aliyekwisha kufanya jambo moja sawasawa hata kama siku yote iliyobaki itaharibika. Alikwenda stesheni akijishika shavu njiani, mkono mmoja kwenye usukani wa baiskeli.

Furaha hiyo ilimuumiza. Nyamizi alikuwa akiketi kizingitini asubuhi hizo, mikono mapajani, akisikiliza.

"Sauti yake kama mtu anaparua samaki," alisema siku moja.

"Inakukera?"

"Hapana. Nasikiliza tu."

Alikuwa akifanya mambo mengi kwa kusikiliza siku hizo. Alipepeta mchele na mawe yakabaki. Alimpita shemeji yake barabarani bila kumwamkia, na malalamiko yakaletwa mpaka nyumbani. Kasimiri alizitafuna zile chenga za mawe bila kutoa sauti. Jumapili alijaribu kuvuta viti viwili kivulini, wakakaa kama wageni wawili wanaosubiri mwenye nyumba. Alimuuliza habari za Ng'washi. "Wazima," alijibu Nyamizi. Kasimiri hakujua la kufanya na mikono yake. Ndipo alipoanza kujiogopa, kwa sababu alijiuliza kama macho ya mkewe yangepona kesho, je, angeuacha wembe na kurudi mkekani, na hakuwa na uhakika wa jibu.

Sikukuu ya Idi, Mzee Mabruki aliwaletea sahani ya pilau, kama walivyofanya majirani wema. Aliketi, akanywa maji, akamsifu Kasimiri mbele ya mkewe.

"Mumeo ana mkono, mama. Nimefundisha wengi, wanachoka. Hebu waone wale makarani wenzake wa stesheni, ndevu kama beberu, hakuna anayewauliza. Yeye mwenyewe kwa hiari yake, kila siku uso safi!"

Kasimiri alitazama sakafu. Nyamizi alisema asante kwa pilau, akamsindikiza mgeni mpaka mlangoni akipapasa ukuta. Aliporudi hakuketi.

"Stesheni masta hayupo," alisema.

"Yupo. Lakini hakusema neno kuhusu ndevu."

"Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyokubali kwamba ni jasho. Jasho halinuki chuma, Kasimiri. Nilinusa vidole vyangu jikoni."

Alitaka kumshika mkono, lakini Nyamizi aliuweka nyuma ya mgongo.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Kasimiri.

"Na wewe mbona hukuniambia?"



"Niliogopa kukuumiza," alisema Kasimiri.

"Nilikuwa bado naona kidogo," alisema Nyamizi. Sauti yake haikupanda. "Karibu na uso nilikuwa naona. Si vizuri, lakini nilikuwa naona. Ile ilikuwa kazi ya mwisho niliyokuwa naiweza, na wewe ndiye wa kwanza kuniambia siiwezi. Tena hukuniambia. Uliniambia stesheni masta."

Kasimiri alilia. Nyamizi alisimama pale, akimsikiliza analia, na baada ya kitambo alikwenda kuifunika ile pilau isiingie nzi.

Asubuhi yake walikwenda zahanati ya misheni. Dresa aliyekuwapo, kijana mpole aliyeitwa Nikolaus, alimkalisha Nyamizi karibu na dirisha, akaigeuza kope ya juu kwa kidole. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ni vikope, mama. Vya siku nyingi, labda tangu utotoni. Ngozi ya ndani imejikunja, kope zako zimeelekea ndani. Kila ukipepesa, zinakwaruza mboni."

"Zinaweza kuondolewa?" aliuliza Kasimiri.

"Kung'olewa zinaweza. Zitaota, zing'olewe tena. Zisiachwe zikue."

Nikolaus alitaka Nyamizi awe anakuja zahanati, lakini yeye alikataa. Alisema hataki mtu mwingine achezee macho yake. Basi dresa akamwonyesha Kasimiri: mahali pa kusimama, namna ya kuinua kope, namna ya kuvuta upesi na moja kwa moja. Nyamizi alitoa kibano kwenye pindo la kanga akampa mumewe.

Kwa hiyo mkeka ulitandikwa tena. Safari hii Kasimiri ndiye aliyeketi, na kichwa cha Nyamizi kikalala juu ya mapaja yake. Siku ya kwanza aliinua kope kama alivyoonyeshwa. Alishusha kibano, akakiinua, akakishusha.

"Ng'oa," alisema Nyamizi. "Mimi nilikung'oa elfu na elfu, sikutetemeka."

Aling'oa. Wembe ulikuwa umemfundisha kutulia kwa vidole, na baada ya muda aliweza kuushika unywele mmoja mwembamba kuliko uzi bila kugusa jicho. Maneno yalirudi kidogo. Nyamizi alisimulia kwa mara ya kwanza habari za mama yake, jinsi alivyokuwa akitambua kila mjukuu kwa harufu ya kichwa chake. Alicheka mara moja. Machozi yalipungua, wekundu ukapungua, na Kasimiri akaanza kupiga hesabu za matumaini kichwani. Akamnunulia kanga mpya yenye maua makubwa mekundu ili aweze kuyaona. Nyamizi aliishika, akaisifu kwa ulaini wake.

Jicho la kushoto lilizimika kabla ya masika, na la kulia lilibaki na mwanga wa kutofautisha mlango na ukuta. Daktari Mzungu aliyepita Tabora kukagua wagonjwa wa macho alimwangalia kwa kitochi, akazungumza Kiingereza maneno mengi sana. Nikolaus alisikiliza mpaka mwisho, kisha akawageukia.

"Anasema amesikitika."

"Hayo tu?" alisema Kasimiri. "Amesema mengi."

"Mengine ni majina ya kovu lililo kwenye mboni, bwana. Kope umezing'oa vizuri, amesema hivyo pia. Lakini lililokwaruzwa limekwisha kwaruzwa."

Waliondoka kwa miguu, Kasimiri akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja na kumshika mkewe kwa mwingine.

Kasimiri alifanya alichoweza. Alifunga kamba kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni, nyingine mpaka jikoni. Aliwaomba majirani wamtazamie. Majirani walimtazamia kupita kiasi: walimnyang'anya ndoo mkononi, walimpikia, walizungumza juu yake mbele yake kama vile ameziba na masikio. Kasimiri mwenyewe alikuwa stesheni tangu asubuhi mpaka treni ya jioni. Siku moja Nyamizi alitoka peke yake kwenda kununua chumvi, akagongwa na baiskeli, akaangukia kwenye mtaro. Hakuvunjika. Kasimiri aliporudi alimkuta ameketi kitandani na tope lililokauka miguuni, hajakubali mtu yeyote amwoshe.

"Nataka kwenda kwa Ng'washi," alisema.

"Kusalimia?"

"Kukaa."

Kasimiri alimwosha miguu kwanza. Alitumia maji yale ya moto aliyoyaweka kwa ajili ya asubuhi.

"Nitaacha kazi," alisema akiwa ameinama. "Nitakaa nyumbani na wewe."

"Ukiacha kazi tutakula nini? Na utakaa unaniangalia kutwa. Sitaki kuangaliwa na mtu ambaye siwezi kumwangalia."

"Basi twende Ziba wote."

"Ukafanye nini Ziba? Wewe mtu wa dirisha na mihuri. Ng'ombe humjui kichwa wala mkia." Alimnyooshea mguu wa pili. "Ziba nilizaliwa. Njia zake nilizijua kwa miguu kabla ya kuzijua kwa macho. Hapa kila kitu nilikijua kwa macho."

Kasimiri alibishana naye usiku huo, na kesho yake, na wiki nzima. Alimwendea hata padri ili azungumze naye. Padri alizungumza na Nyamizi kwa muda, akatoka akimwambia Kasimiri kwamba mkewe ana akili timamu na hasira kidogo, na kwamba yote mawili ni haki yake. Ng'washi alikuja mwenyewe na lori la mfanyabiashara wa pamba lililopitia Nzega. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia mifugo, akamwamkia shemeji yake vizuri, akafunga mizigo bila kumlaumu kwa lolote. Kasimiri alitamani alaumiwe.

Alimwinua mkewe mpaka kwenye kiti cha mbele, akamwekea kibano mkononi, akamweleza Ng'washi namna ya kung'oa kope zisikue. Alieleza mara mbili. Ng'washi akasema amesikia. Dereva akawasha injini. Nyamizi alinyoosha mkono nje ya dirisha, lakini aliunyoosha upande ambao Kasimiri hakuwepo. Alipozunguka kuukimbilia, lori lilikuwa limeanza kwenda.

Aliendelea kunyoa kila asubuhi. Hakujua afanye nini kingine saa ile. Aliwasha moto, akazungusha brashi, akapitisha wembe, na uso ulitoka msafi kama siku zote. Raha ile haikumtoka, na hilo lilimshangaza kuliko yote. Alidhani ingekufa kwa aibu. Ilibaki, kila siku, dakika zilezile chache, kisha ilikuwa ni kurudisha kikombe rafuni na kutazama kizingiti kilicho kitupu. Mzee Mabruki alimwambia siku moja kwamba mwanamume mwenye kazi na uso kama ule hakosi mke wa kumpikia. Kasimiri alimwomba asiliseme tena jambo hilo, na Mabruki, ambaye hakuwa mtu mbaya, hakulisema tena.

Alipopata likizo alikwenda Ziba. Alifika na vumbi la njia nzima kwenye mabega, akapokewa kwa maziwa ya mgando na kelele za watoto wa Ng'washi. Nyamizi alikuwa ameketi akipukuchua mahindi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimsikia sauti akasema, "Umefika," na uso wake ulifurahi kweli, Kasimiri aliuona, lakini mikono haikuacha mahindi.

Kiangazi kilikuwa kikali huko, na maji ya lambo yalikuwa ya watu na ng'ombe, si ya kuoshea kidevu cha karani. Akaziacha ndevu ziote. Siku ya tatu watoto walizigusa wakikimbia na kucheka. Nyamizi alisikia wanavyocheka, akauliza wanacheka nini, akaambiwa. "Aha," alisema. Hakunyoosha mkono, na Kasimiri hakusogea karibu.

Kila alipotaka kumsaidia alichelewa. Alipoinuka kumletea kibuyu, alikuwa amekwisha kukichukua. Alipotaka kumwonya juu ya ndama aliyelala njiani, alikuwa amekwisha kumzunguka. Jioni moja Nyamizi alichukua ndoo kwenda lamboni, na Kasimiri akamwambia, "Subiri, nitakushika mkono."

"Njoo tu," alisema. "Nifuate."

Alitangulia. Alivua viatu na kutembea kwa nyayo kwenye kinjia cha ng'ombe, haraka, ndoo ikiyumba mkononi. Kasimiri alimfuata na viatu vyake vya stesheni, akijikwaa kwenye alama za kwato zilizokauka udongoni. Giza lilikuwa linaingia. Ng'ombe wa watu wengine waliwapita wakipumua kwa nguvu.

"Kushoto kwako kuna shimo," alisema Nyamizi bila kugeuka.

Kasimiri alitazama kushoto, hakuliona, akapanua hatua.

"Unaondoka lini?" aliuliza Nyamizi.

"Kesho kutwa. Treni ya Jumatatu ni zamu yangu."

"Tabora mvua imenyesha?"

"Bado."

"Huku pia bado," alisema, akaendelea kutembea. Kasimiri alikaza mwendo nyuma yake ili asimpoteze, akitafuta neno la kusema kabla hawajafika majini.